Mkunazi wa Rayners Lane

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba. Mvua ya rasharasha tangu asubuhi, ile isiyokulowesha wala kukuacha mkavu. Nimewasha hita ya jikoni na miguu bado baridi.

Nimemdanganya mama yangu.

Naliandika hili mwanzo kabisa, maana nikianza na habari za chai na magoti yangu nitazunguka mpaka chini ya ukurasa bila kulisema. Najijua.

Mambo yalianza kwenye darasa la kuchora kwa rangi za maji, lile la kila Jumatano katika ukumbi wa maktaba. Mwalimu wetu, Bi Margaret, alituambia tulete majani yanayopukutika msimu huu, lakini yawe makavu. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza na ngumu kuipatia. Unalilainisha jani kwa kitambaa chenye unyevu ili lisikatike, unalipaka rangi upande wa mgongo, ambako mishipa imetokeza, kisha unalilaza juu ya karatasi nene na kulikandamiza kwa kiganja. Ukiliinua, mishipa yote imebaki kwenye karatasi. Maji yakizidi unapata dimbwi, yakipungua hupati kitu.

Wiki nzima ilinyesha. Majani ya mtaani kwetu Rayners Lane, yale mapana kama kiganja, yaligeuka uji kando ya barabara. Jumatano asubuhi sikuwa na hata moja la kupeleka, na mimi sipendi kwenda mahali mikono mitupu. Ndipo nikakikumbuka kifuko cha Mama.

Mama anakaa nami tangu alipovunjika nyonga. Ana miaka themanini na tano. Kabatini mwake kuna sanduku la safari alilokuja nalo kutoka Unguja, na ndani yake kifuko cha kitambaa cheupe kilichofungwa kwa uzi, kimejaa majani madogo makavu. Nimekijua kifuko hicho tangu nina miaka minane. Siku tuliyoteremka hapa London, ofisa wa uwanja wa ndege alikitoa, akakifungua, akakinusa na kututazama. Baba alikuwa dirisha jingine na makaratasi yake. Mama hakuwa na Kiingereza, kwa hiyo nilisukumwa mbele mimi na Kiingereza changu cha shule. "Mwambie dawa ya nywele," Mama akaninong'oneza. Nikamwambia. Ofisa akakifunga tena, tukapita.

Toka siku ile, kichwani mwangu yale yalikuwa majani ya nywele. Mama alipohamia kwenye shampuu za chupa, nikadhani ameyasahau.

Basi Jumatano alikuwa amelala baada ya chai, nami nikafungua kabati. Sikuomba. Nilijiambia ni vitu vya kale, hata hatajua.

Nilipolegeza uzi nilisikia harufu ya kafuri.

Sasa, mimi si mtoto. Nimesimama katika chumba cha kuoshea maiti mara tatu, mara ya mwisho kwa mama mkwe wangu, nikashika jagi la maji kwa mikono hii. Najua kitu gani huhifadhiwa pamoja na kafuri. Pua yangu ilijua pale pale, nami nikaiambia inyamaze kwa sababu basi lilikuwa linakuja baada ya dakika kumi. Kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua kitu. Nilikuwa na nafasi ya kusubiri aamke na kumuuliza, na sikumuuliza. Nikakitia kifuko kizima mkobani nikaondoka.

Darasani majani mengi yalivunjika vidoleni. Yana zaidi ya miaka hamsini, yangefanya nini? Vipande nilivikusanya kwa ukingo wa kiganja nikavitia kwenye pipa la taka. Yaliyosalimika yalitoka mazuri ajabu. Ni madogo, yana umbo la yai, na kila moja lina mishipa mitatu inayoanzia pamoja kwenye kikonyo na kupanda hadi ncha. Niliyapaka kahawia, buluu, na ule wekundu wa matofali. Bi Margaret aliwaita wenzangu waje waone. Naungama nilivimba kichwa. Nina miaka sitini na tatu, na si mara nyingi mtu anaitwa kuja kutazama kitu nilichofanya mimi.

Alhamisi nikaisimamisha picha jikoni, imeegemea ukuta karibu na birika. Mama akaja na fremu yake ya kutembelea, polepole, akasimama. Akaweka kidole juu ya jani moja akaufuata mshipa wa kati.

"Haya majani ya mkunazi haya," akasema. "Umeyatoa wapi?"

"Kwenye bustani ya nyuma ya stesheni, Mama."

Hivyo tu. Uongo ulitoka laini, sikuutafuta.

Uso wake ukafunguka. Sikuwa nimeuona uso ule tangu binti yangu Zahra alipofaulu mitihani yake ya mwisho. Akavuta kiti akakaa, na ndipo akanieleza jambo ambalo alikuwa hajawahi kunieleza miaka yote hii. Yale ya kifukoni hayakuwa ya nywele. Aliyachuma mwenyewe alfajiri ya siku tuliyoondoka, kwenye mkunazi wa nyuma ya nyumba yetu, mti ule ule uliochumwa siku bibi alipokufa. Sisi maiti tunamwosha mara tatu: kwanza kwa maji yaliyotiwa majani ya mkunazi, halafu ya kafuri, halafu maji matupu. Mama alikuwa ameambiwa kwamba Ulaya hakuna mkunazi. Akaogopa kwamba akifia huku atakoshwa kwa sabuni kama sahani.

"Sasa yale yangu makavu yapumzike," akasema. "Nikifa mnikoshe kwa mabichi. Mabichi ndiyo hasa. Jumapili nipeleke nikauone huo mti."

Nikasema inshallah. Yaani hata jina la Mungu nimelitumbukiza humo.

Tangu wakati ule nimekuwa nikipiga hesabu moja tu. Tulipokuja Mama alikuwa na miaka thelathini. Mwanamke wa miaka thelathini anafunga mizigo, anakunja sweta za watoto, vyeti vya mumewe, chupa ya maziwa ya mdogo wangu mchanga, na katikati ya vyote hivyo anatia majani ya siku atakayokufa. Vitu vingine vyote vya sanduku lile vilikuwa vyetu. Hicho kifuko ndicho kitu pekee alichojibebea mwenyewe, nami nimekipeleka darasani kwa sababu niliona haya kwenda mikono mitupu.

Jana nilimpigia Zahra. Mimi na Mama tunasema Kiswahili nyumbani, Kikachi, lugha ya wazee wetu waliotoka India, tumekibakisha kwa kugombana na kwa jamaa wa Leicester, lakini Zahra ukimsemesha Kiswahili anakujibu anavyotaka yeye. "Mum, honestly, you can get it online, next day delivery," akasema, yaani niyaagize mtandaoni yafike kesho yake. "Bibi hatajua difference."

Kwa sheria ya dini hajakosea. Siku hizi hata katika chumba cha kuoshea maiti chenyewe wanatumia unga wa mkunazi wa paketi, na Mama anajua hivyo, anaukejeli kila siku. Dini haijavunjika hapa. Kinachonikereketa ni kwamba ulikuwa mti wa nyumbani kwake, na mti ule wala nyumba ile hatuna tena.

Leo asubuhi nilikwenda ukumbini nikamuuliza msimamizi habari za pipa. Limemwagwa tangu Alhamisi. Alinitazama kwa huruma akaniuliza kama nimepoteza pete. Nikasema ndiyo, pete. Nimekuwa hodari wa uongo wiki hii, na njia ya mwongo ni fupi, hilo nililifundishwa na Mama mwenyewe.

Nikarudi nikafungua mkoba wangu wa kuchorea. Yale yaliyosalimika nilikuwa nimeyalaza kati ya karatasi laini, ili niyatumie tena. Nikayahesabu: kumi na moja. Yote yana rangi mgongoni.

Nikachukua bakuli, maji ya uvuguvugu na brashi yangu ndogo kuliko zote, nikaanza kuyasafisha moja moja. Kahawia ilitoka kirahisi. Wekundu ulinichukua muda. Jani moja buluu imeingia ndani ya mishipa, na kila nikisugua naona nitalipasua, kwa hiyo nikaliacha lilivyo. Sasa yamepangwa juu ya taulo karibu na hita, yanakauka.

Mchana mzima nimekaa nikiyaosha majani ya kumwoshea mama yangu.

Nililia, ndiyo. Nililia kwa sauti ndogo asinisikie, huku nimefungulia bomba.

Ninachokiogopa nimekitafakari sana. Si hasira zake. Mama hasira zake ni kunyamaza mpaka adhuhuri, halafu anakuuliza umekula. Naogopa ule uso uliofunguka ujifunge mbele yangu. Na naogopa zaidi kwamba nikimwambia ukweli, itabidi tukae kwenye meza hii ya jikoni tuzungumze kifo chake, mambo ya maji na sanda na nani ashike jagi. Tangu nyonga ile ivunjike nimekuwa nikilikwepa zungumzo hilo. Kila akilianza nasema, Mama, wewe bado kijana, halafu natia maji kwenye birika. Labda ndiyo maana nilisikia kafuri na nikafunga mlango wa kabati nikaondoka. Kilikuwa ndani ya nyumba yangu kitu cha kifo chake, na mimi nilikitia rangi nzuri nikasifiwa.

Anajitayarisha kwa kesho. Koti lake la kijani liko mgongoni mwa kiti. Amenituma nimtafutie viatu vyake visivyoteleza na mfuko wa plastiki, "tuchume kidogo tu, tusiwaudhi wenye bustani." Picha yenyewe ameiomba iwekwe chumbani kwake, imeegemea chupa yake ya maji moto. Nimempita sasa hivi nikamkuta anaitazama. Akaniambia nina mkono mwepesi, kama bibi yangu.

Usiku wa leo, kama ilivyo desturi ya huku kila vuli, saa zote zinarudishwa nyuma kwa saa moja. Nitapewa saa moja ya bure, na nikijiachia nitaitumia kutunga uongo mwingine: bustani imefungwa, mti umekatwa, mvua kubwa. Yote matatu nimeshayafikiria. La mti kukatwa ndilo zuri kuliko yote, na hilo ndilo linalonitisha, kwamba ningeweza kuuona mkunazi usiokuwepo ukifa machoni mwake na bado nikalala.

Sitautumia. Kesho asubuhi, kabla sijamfunga kifungo cha kwanza cha koti, nitamwekea kifuko chake mapajani, na majani yake kumi na moja ndani. Nitamwambia, Mama, Rayners Lane hakuna mkunazi, ulikuwepo huu wako tu. Nitamwambia aliyeyaharibu ni mimi. Halafu, kama bado atataka kusema nami, nitamuuliza nilichopaswa kumuuliza tangu Jumatano, na pengine tangu uwanja wa ndege: anataka iwe vipi siku hiyo, na anataka nani amshikie maji.

Najua atakifungua hapo hapo kutazama yaliyobaki.

Lile la buluu nitaliweka juu, ili alione la kwanza.