Faili za Sauti Zirukwe

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na wajukuu wanakuachia nafasi ya kupumua. Sisi wazima. Shemeji yako anakusalimu, na kitambaa ulichotuma kilifika.

Barua yako ya kuomba sauti ya mama ilinikuta tukihamisha faili kazini. Chumba cha habari kimeletewa kompyuta mpya. Fundi wetu aliandika skripti, yaani maagizo ambayo kompyuta inayafuata yenyewe, ya kunakili faili zote kutoka folda za zamani na kuruka aina tutakazotaja. Aliniuliza aruke zipi. Nikamwambia sauti zote. Ni nzito, na mahojiano yangu nimeshayaandika. Nilisahau kwamba mama nilimrekodi kwa kinasa sauti cha kazini na kumhifadhi kama "Mahojiano 14", kati ya waziri na muuza mbao.

Folda mpya ilikuwa maandishi matupu. Mashine za zamani zilipangiwa kufutwa Ijumaa, na hiyo ilikuwa Jumatatu. Nikiri, kwanza nilipata nafuu, sababu utaiona. Kisha nikashuka ngazi mbili mbili, kwa umri huu. Fundi alicheka, akasema yeye hafuti mashine ya mtu mpaka mwenyewe ahesabu faili pande zote mbili na kutia saini, na kwamba mimi, mzee mzima ninayehakiki habari za dunia nzima, fomu yangu ilikuwa bado imelala mezani. Kwa mara ya kwanza uzembe wangu umenifaa.

Sasa jambo lenyewe. Mazishini nilikuambia kwamba kwenye rekodi mama alisema amekusamehe kwa kutofika kumwona kabla hajafa. Nilitunga. Niliwasha kinasa sauti nikatoka kupokea simu ya mhariri, na tangu siku hiyo sikuwahi kusikiliza. Ndiyo nukuu pekee niliyobuni katika miaka thelathini na moja ya kazi.

Leo nimesikiliza dakika zote kumi na moja. Neno msamaha halimo. Anasema Kijiko wake, jina alilokuita wewe tangu utotoni, ana kazi nyingi na njia ni ndefu, asiharakishwe. Cherehani anakuachia wewe, Kijiko, na asijifanye hajui kutunga uzi. Kisha anacheka. Hakuwa na kinyongo, dada. Hapakuwa na cha kusamehe.

Faili imo kwenye flashi ndani ya bahasha hii. Fomu nimetia saini, baada ya kuhesabu mara mbili.

Wabusu wajukuu.

Mdogo wako, yule yule.