Vitumbua Vyangu Vimegeuzwa Majaribio ya Kompyuta

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijaitosa kompyuta ya mume wangu kwenye karai la mafuta, maana nimechoka na sitanii.

Mie napika vitumbua hapa Buguruni, biashara niliyoirithi kwa mama, na mume wangu Jabiri anatengeneza programu za kompyuta, sasa hii ya mwisho anasema inatafuta mchanganyiko bora kuliko yote, unaitajia tui, hamira, sukari na iliki, inakwambia upike vipi, ukishapika unairudishia alama, moja hadi kumi, halafu inachagua pa kujaribu tena, na pa kuifanyia majaribio ameona ni kwenye vitumbua vyangu mie! Kuna Jumatatu moja ilitoa vitumbua vilaini hadi watu wakagombania, nikasema alhamdulillahi tumefika, kesho yake ikaruka huko, iliki hadi vinanuka dawa, nikamuuliza kwa nini tusibaki pale pale, akanijibu, "Tunu, hicho huenda ni kichuguu tu, mlima uko mbele, lazima izurure." Nilipopiga kelele akaikaza isizurure mbali, ikaganda kwenye unga mchachu, wiki nzima inapunguza sukari gramu moja, inaongeza gramu moja, vitumbua vibaya vilivyopimwa vizuri! Wateja wanahamia kwa Monica ng'ambo ya barabara, na kila jioni Jabiri anakaa na kompyuta mapajani, "Leo ngapi, mke wangu?" nami namwambia tisa, ningesemaje na ameshanikazia macho, na wateja nao akiwauliza wanamwambia tamu sana kaka, hongera, kisha hawarudi. Mshauri, nirudi kwetu au niivunje hiyo kompyuta?

Tunu, Buguruni

Tunu, pole, kupoteza wateja kunauma. Lakini barua yako imenikasirisha, tena nimekukasirikia wewe kuliko Jabiri. Unga mchachu unaupa tisa? Na vile vya Jumatatu ulivipa ngapi? Tisa vilevile, naapa. Sasa hiyo programu ijue vipi kwamba ilishafika? Ikizurura unaiambia pazuri, ikiganda unaiambia pazuri. Hata mimi ningepotea.

Jabiri naye asijifiche. Mwambie nimesema hivi: mtu anayetafuta nyumba asiyoijua huulizia mtaa kwanza, akishaupata ndipo anapiga hodi mlango kwa mlango. Yeye kaanza kupiga hodi, gramu kwa gramu, na mtaa wenyewe haujui! Na huko kuzurura kufanyike nyumbani, si kwenye kibanda kinacholisha watoto wake.

Kesho rudisha mchanganyiko wa Jumatatu, uuze huo. Kando weka bakuli moja dogo la majaribio, mle wenyewe, yeye akiwa wa kwanza. Mkipata vitamu kuliko vya Jumatatu, ndipo viingie kibandani, na hapo ndipo hizo gramu zake zitakuwa na maana. Wateja msiwaulize kitu, watu wetu hawamwambii mpishi kibaya usoni. Tazameni vilivyobaki kwenye beseni wakati wa kufunga, hiyo ndiyo alama yenu.

Kwenu usirudi, na kompyuta iache. Hasira yote umenimwagia mimi nisiyewahi kula kitumbua chako hata kimoja, na anayeihitaji amekaa mbele yako anaambiwa tisa. Leo jioni akikuuliza ngapi, mtazame usoni, umwambie mbili.