Upendo Anakwenda India, Wala Haumwi

Jumapili jioni, Kimandolu. Baridi ya Julai imeng'ang'ania, Mlima Meru haujaonekana tangu asubuhi, na mimi nimejifunga khanga mbili juu ya sweta. Lakini nina furaha. Ni furaha ya mtu aliyeshinda ugomvi ambao nusura auharibu mwenyewe.

Niandike kabla haijapoa.

Mwanangu Upendo anasoma uhandisi wa maji, mwaka wa tatu. Chuo chao kina utaratibu wa kubadilishana wanafunzi: muhula mmoja unasoma nje, masomo yanahesabiwa, unarudi kumalizia hapa. Amepata nafasi India, na wiki hii anatakiwa kujibu ndiyo au hapana. Angeweza kujibu peke yake, ni mtu mzima. Hataki. "Bila baraka ya babu siendi," aliniambia, nami nikajua tuna kazi.

Kwa sababu ukoo wa mume wangu ulishaamua kwamba aende Kanada.

Kwa nini Kanada? Kwa sababu wifi yangu Aneth anaishi huko. Basi. Hakuna aliyeuliza vyuo vya huko vitamfundisha nini. Sisi watu wa mlimani tuna kanuni: mtoto hatumwi mahali pasipo na mwenyeji. Hata ukimpeleka shule Moshi, lazima kikao kikae, mzee amtaje kwa jina ndugu atakayempokea, amkabidhi mtoto. Ni desturi nzuri, siidharau, imewaokoa wengi. Lakini tumeigeuza kuwa dira ya elimu. Tunachagua chuo kwa kuangalia nani ana kitanda cha wageni karibu.

Na hilo neno "nje"! Kwetu nje ni upande mmoja tu, kule kwenye theluji. Hapa mjini mawakala wa vyuo wamebandika mabango ya vijana waliovaa makoti mazito wanacheka. Kijana anakwenda kujifunza jinsi ya kuilinda barabara isipasuliwe na barafu, halafu anarudi kwetu ambako barabara inabebwa na tope. Nimeyaandika haya humu mara nyingi na nitayaandika mpaka nichoke, na sichoki.

Sasa nikiri kitu. Wifi alipopiga simu mara ya kwanza kutaja Kanada, siku nzima nilijiona nimesimama nje ya kanisa baada ya ibada, mtu ananiuliza binti yuko wapi, nami najibu, "Upendo? Yuko Kanada," kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya vitunguu.

Nilikuwa nimeshachagua hata gauni.

Aliyenizindua ni Upendo na pipa lake. Wakwe zangu wanaishi mlimani, juu ya mji mdogo wa Maji ya Chai. Maji ya upande ule yamejaa floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya mlima. Meno ya watu yanakuwa ya kahawia tangu utotoni, na wengine mifupa inakakamaa. Baba mkwe wangu akitaka kukutazama hugeuza mwili mzima, kwa sababu shingo haigeuki. Likizo iliyopita Upendo alimtengenezea chujio: pipa lenye mkaa wa mifupa ya ng'ombe, iliyochomwa ikapondwapondwa. Akayapima maji, floraidi imeshuka. Akarukaruka uani kama mwanambuzi.

Bibi yake akakataa kuyanywa.

"Hamjanizika bado, mnaninywesha mifupa?"

Tulibembeleza, tukaeleza, wapi! Majirani nao walikuja, wakalizunguka pipa, wakalisifu, wakaondoka na ndoo zao tupu. Upendo hakununa. Alikwenda kusoma. Akagundua kwamba kuna sehemu za India zenye maji kama yetu, na kwamba huko watu wengi hawagusi nyama wala mfupa, kwa hiyo wahandisi wao walilazimika kutafuta njia nyingine. Wanaifanyia kazi vijijini, kwa ndoo na visima kama vyetu. Huko ndiko anakotaka kwenda.

Niambieni kama kuna sababu bora kuliko hiyo ya kumfanya mtu avuke bahari. Anakwenda kutafuta maji ambayo bibi yake atakubali kuyanywa.

Leo baada ya ibada tukapanda kwa babu. Njiani Upendo akaniambia, bila kunitazama, "Mama, leo usibishane. Nakuomba." Baba yake, aliyekuwa anaendesha, akakohoa kikohozi cha mtu anayeficha kicheko. Nikaahidi.

Sebule ilikuwa imejaa. Loshoro ilishapakuliwa, ile ya bibi ya ndizi, mahindi na maziwa mgando. Wifi Aneth alikuwa ndani ya simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Mwenyekiti alikuwa shemeji yangu Elibariki, baba mdogo wa Upendo, mtu anayependa ajenda kuliko chakula. Upendo akawaamkia wote, akaeleza taratibu, kwa maneno ambayo bibi angeyaelewa. Nikajisikia vizuri. Nikala.

"India?" Elibariki akasema. "Mwanangu, India wanakwenda wagonjwa!"

Watu wakacheka. Wifi akadakia kwenye simu: "Huku kuna chumba, kuna kanisa, kuna mimi. Huko una nani, Upe? Utakula nini, pilipili?"

Nikaweka kijiko chini. Nilijua nisiseme. Nilijua kabisa.

"Na sisi si wagonjwa?" nikasema. "Si mumtazame baba, shingo yake!"

Kwa msiojua: kwetu mkwe wa kike hautaji mwili wa baba mkwe wake mbele ya watu. Si kwa kusifu, si kwa kuhurumia. Hautaji. Sebule ilinyamaza mpaka nikamsikia wifi akivuta pumzi Kanada. Mume wangu akaiangalia sahani yake. Bibi akavuta ncha ya khanga akaziba mdomo. Upendo akanitazama, mara moja tu, na katika macho yake nikaiona baraka ikitoka mlangoni.

Nimebishana na wanasiasa, na wachungaji, na mabwana wa redioni. Sijawahi kujiona mpumbavu kama leo.

Aliyevunja kimya ni babu. Hakunijibu mimi. Akamgeukia mjukuu wake, mwili mzima.

"Huko atakupokea nani?"

"Mwalimu wangu, babu."

"Mwalimu si ndugu."

"Basi ongea naye kwanza, babu. Ukimkataa, siendi."

Kumbe alishapanga, anawajua watu wake. Akampigia mhadhiri wake mtarajiwa kwa video, akampa babu simu. Dokta Kamla ni mama wa umri wangu hivi, mwembamba, mtandio wa njano, na nyuma yake kuna mtu anakaanga kitu. Upendo akawa mkalimani. Babu akauliza kwao ni wapi. Akajibu kijijini, sehemu kavu, yenye visima virefu. Babu akauliza nini kilimtuma mwanamke wa watu kusomea maji. Yule mama, badala ya kujibu, akacheka.

Meno yake yalikuwa ya kahawia.

Kahawia ile ile yetu, yenye michirizi, ambayo watoto wa Maji ya Chai hutaniwa nayo wakifika shule za mjini. Wifi yangu aliyafunikisha ya kwake kwa daktari wa meno huko aliko, na simlaumu, maana alitaniwa mpaka akawa hacheki. Babu akaisogeza simu karibu na uso.

"Mwambie acheke tena."

Akacheka tena. Babu naye akacheka, mdomo wazi, akamwonyesha ya kwake. Watu wawili wasio na hata neno moja la pamoja, wanaonyeshana meno kwenye simu, na sisi wote tumesimama nyuma ya kiti tunachungulia.

"Huyu ametoka kisima kimoja na mimi," babu akasema. Kisha akaishika simu kwa mikono miwili, akasema yale maneno tuliyokuwa tunayasubiri: huyu ni mjukuu wangu, nakukabidhi, njaa yake ni yako, homa yake ni yako, unirudishie. Upendo alitafsiri neno kwa neno. Yule mama akaweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa.

Elibariki akatafuta ajenda inayofuata. Wifi akauliza begi la ukubwa gani litamfaa mtoto, atume. Huko ndiko kuomba radhi kwake, na ni kuzuri kuliko kwangu, maana mimi sikuwa na begi. Nilimfuata babu uani, nikapiga goti.

"Baba, unisamehe mdomo wangu."

"Ulisema kweli, mama Upendo," akasema. "Ila siku nyingine unisubiri nimalize kula."

Najua wapo watakaoniandikia kesho: wewe msomi mzima, kwa nini hukumpeleka mtoto kwenye nchi kubwa? Nchi yenye watu wengi kuliko zote duniani si kubwa? Mnataka ukubwa gani, wa baridi? Njooni. Niko tayari, nimekula, na mkwe wangu hayupo hapa.

Naogopa? Kidogo. Pilipili. Treni zao. Viza, ambayo bado hatujaianza. Na nyumba hii ikiwa haina mtu wa kuniambia ninyamaze, maana leo nimeona faida yake. Lakini kuhusu mtoto mwenyewe sina wasiwasi hata chembe. Aliyeweza kukikalisha kikao kile, na mama kama mimi ndani yake, atazimudu mashine na mitihani ya watu.

Yuko chumbani kwake sasa, anaandika jibu la kupeleka idarani. Alinitaka nimsahihishie Kiingereza, nikakataa. Safari ni yake, makosa yawe yake. Nasikia anaandika, anafuta, anaandika tena.

Ananiita tena. Amemaliza, anasema, na hataki nisahihishe chochote. Anataka niwe nimesimama pale wakati analituma.

Hiyo naenda.