Mlolongo Usio na Mwenyewe

Baba,

Mchana huu nimesinzia kibarazani nikakuota. Umesimama ufukweni na kofia yako ya mafunjo, na nyuma yako watu wamepanga mstari unaoingia ziwani, wala hakuna anayelowa. Nakuita, sauti haitoki. Nimeamka nikalia kidogo.

Jana tulipiga kura, ya kwanza tangu tukuzike. Mlolongo umeondolewa, Baba. Hakuna tena kusimama nyuma ya mgombea huku chifu akikutazama. Unapewa karatasi, unaingia kibandani peke yako, unatia alama, unaikunja, unaitumbukiza sandukuni.

Ungecheka. Uwanja wa shule ulijaa tangu asubuhi, lakini kila mtu alisimama kivyake. Karani aliposema tupange laini, Mama Atieno, muuza samaki wa omena, akamuuliza, "Hii laini ni ya nani? Mimi siwezi ingia laini ya mtu sijui." Karani akamwambia ni ya wote. Hakuna aliyeamini. Nusura nicheke, kisha nikakumbuka mwaka ule wa mlolongo.

Mwaka ule mlolongo wako, wa yule mgombea uliyempenda, ulianzia goli moja ukapinda hadi la pili. Wetu sisi walimu ungeingia darasa moja na madawati yakabaki. Mwalimu mkuu alikuwa ametuambia pa kusimama, na mimi kazi ilikuwa bado changa. Niliinamisha kichwa ili usinione. Uliniona. Halafu msimamizi akatangaza kwamba mlolongo mfupi ndio umeshinda. Ulivua kofia, ukatazama ndani yake kama uliyedondosha kitu humo, ukaenda nyumbani.

Jioni uliniambia, "Nyathina, laini yenu ni fupi, angalau miguu haikuuma." Ukacheka. Hukuwa umeniita mtoto wako kwa upole namna ile tangu nilipokuwa mdogo, na ndiyo maana iliuma. Sikukuomba msamaha. Nilidhani muda upo. Naona haya, Baba, mpaka leo naona haya.

Basi jana nilitoka nikaenda kusimama golini, pale pale pako, peke yangu. Mwalimu mkuu alinitazama, lakini safari hii hakuweza kujua nitampigia nani. Baadaye Mama Atieno akaja nyuma yangu akinung'unika, wakaja wengine, na nilipogeuka mstari ulikuwa umefika goli la pili. Kwa muda kidogo nilikuwa nimerudi kwenye siku yako, na kofia yako ilikuwa mahali fulani katikati yao.

Kama watazihesabu kura kwa haki, sijui. Watu bado wana wasiwasi, hata mimi. Mama anakusalimu; kigoda chako hajamruhusu mtu kukikalia.

Pumzika, Baba. Kila uchaguzi nitakaojaliwa kuuona nitaanza mimi kusimama, hata kama ni peke yangu.

Yule mtu wako amegombea tena. Kura ni siri, hata mume wangu sijamwambia. Wewe nakuambia: nilisimama nyuma yako.

Mwanao