Mursik ya Kumezea Dawa

Bethwel,

Nimeenda kumwona daktari wa baba yako. Chai iko kwa thermos. Akishikwa na homa, nipigie mara moja. Ile dawa ya kupunguza kasi ya ugonjwa wake wa misuli humezwa tumbo likiwa tupu, kwa hivyo ~~ficha kibuyu cha mursik~~

Hapana, usifiche. Asubuhi nimempata akimeza tembe na mursik, nikamgombeza, kwa sababu mafuta ya maziwa hayo ya mgando yanazuia dawa isiingie vizuri mwilini. Akayakataa maji. Nikashangaa, mtu aliyemeza kwinini na maji ya mto leo anaogopa maji ya kikombe? Nikampa. Akapaliwa mpaka machozi yakamtoka.

Kisha akasema polepole, "Mursik ni nzito, inashuka. Maji yananikimbia."

Kumbe si ukaidi, ni koo limeanza kulegea. Nataka kumuuliza daktari kama kuna kitu kizito kisicho na mafuta. Tembe ya jioni ingoje nirudi, na usiisage.

Lakini wewe unayemmiminia mursik kila asubuhi, ulikuwa unajua?

Mama