Matanga ya Mzungu Nisiyemjua

Jumanne, 12 Mei

Nguo nyeusi tena. Nimefua fulana saba, zote nyeusi, zote na sura ya mtu aliyefunikwa na nywele. Kabati la mtoto wa miaka kumi na sita limekuwa kama la mjane. Nimezianika nyuma. Jua la Doonside, huku Australia, likitaka litazikausha, lisipotaka azivae mbichi.

Nilipompelekea zilizokunjwa nikaona ukuta. Picha kumi na moja sasa. Wanaume tisa, wanawake wawili, wengine wamekumbatia gitaa, wengine wamefungua mdomo kama wanang'olewa jino. Nikauliza hawa ni nani. Mjukuu wangu Nyambura akasema ni wanamuziki wa roki, Nyanya, maarufu dunia nzima, na wote wamekufa. Amesema kwa kujivuna, kama ni yeye aliyewazika.

Chini ya kila picha kuna kadi ameandika mwenyewe. Jina. Alizaliwa lini. Alikufa lini. Nini kilimuua. Kiingereza changu ni cha kununulia maziwa lakini hayo nimeyasoma. Madawa. Madawa. Pombe. Ndege. Madawa. Alizama. Hakuna aliyefika miaka thelathini. Mimi nina sabini na mbili na hakuna aliyenibandika popote.

Kwetu picha ya marehemu inakaa sebuleni, na huyo marehemu ni mtu aliyekulisha. Hawa wamemlisha nini?

Tena nyumba si yetu, ni ya kupanga. Wakala akija kukagua, hiyo gundi ataijibu nani? Nimemwambia mwanangu Esta, mama yake. Ametoka kazini kutunza wazee, miguu imevimba. Amesema niachane naye, ni umri tu. Umri. Mimi katika umri huo nilikuwa nachota maji.

Alhamisi, 14 Mei

Amenunua gitaa. La mtumba, limechubuka. Limeingia kwa mlango wa mbele nikiliona.

Nilishawahi kuwa na gitaa nyumbani. Sitaandika habari hiyo.

Ijumaa, 15 Mei

Msiba.

Nyambura amerudi kutoka shule na wasichana wawili, macho yamevimba wote. Wamejifungia. Nikagonga na kuingia. Juu ya meza kuna mshumaa, maua ya dukani, na picha ya kijana mzungu, sweta la shule, meno yake yote. Hana gitaa, hana nywele usoni. Mtoto wa watu kabisa. Kumbe ni mwanafunzi mwenzao. Mmoja wa wasichana alikuwa analia mpaka kwikwi.

Sikuuliza maswali. Nimewapelekea chai ya maziwa na mkate wa siagi. Wamekunywa wakilia.

Nimemkasirikia Esta kwa kuwa kazini. Mtoto amefiwa na mama yuko zamu. Hapa watu wakifiwa wanatumiana ujumbe kwa simu, basi. Sitakubali hivyo nyumbani ninamokaa. Nimempigia Mama Furaha, Mkongo wa Merrylands, ndiye kiongozi wa akina mama kanisani. Nimemwambia nyumba yetu imeingiliwa na msiba. Akasema, "Mama, tunakuya kesho." Hakuuliza ni nani. Huyo ni mtu mzima.

Jumamosi, 16 Mei

Nitaandika taratibu.

Walikuja tisa. Vitenge, nyimbo, masufuria. Wali, maharage, sombe, ndiyo kisamvu chao, samaki. Sufuria la Mama Furaha ni la kulisha shule, likiwa limejaa walilibeba wawili. Wakasogeza makochi, wakakaa chini, wakaanza kuimba. Nilijisikia vizuri. Nasema ukweli. Nilijiona mtu mwenye watu.

Nyambura akatoka chumbani na soksi. Akauliza kwa Kiingereza nani amekufa. Nikamwambia rafiki yako, kijana wa sweta. Akanitazama kama nimeanguka kutoka juu ya paa.

Akasema yule si rafiki yake. Ni mwimbaji wa roki. Alikufa kabla hata Esta hajaolewa. Jana ilikuwa siku aliyokufa, na kila mwaka wanaompenda huwasha mshumaa. Ile picha ni ya alipokuwa shule. Alisema haya yote mbele ya wageni wangu, kwa Kiingereza, haraka haraka.

Nyimbo zikanyamaza. Macho kumi na manane yananitazama yanangoja nitafsiri.

Ningesema nini? Kwamba nimewatoa watu Merrylands na masufuria kuja kumlilia mzungu wa kwenye fulana? Kwamba sikuuliza? Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema, "Mtoto anasema hii ni siku ya kumkumbuka mjomba wake. Mwanangu Danieli."

Ni uongo. Danieli alikufa Desemba.

Mama Furaha akasema tuone sura yake. Nikaenda kwenye sanduku chini ya kitanda, ndani ya Biblia, nikamtoa. Miaka thelathini na moja hajaona mwanga. Yupo mbele ya hoteli Nakuru, nywele timtim, gitaa la umeme kifuani, anacheka. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Alipiga ule ule muziki wa kelele, katikati ya watu waliotaka kucheza rumba, na alikuwa anaujua. Hilo pia ni ukweli.

Wakauliza aliugua nini. Nikasema malaria, kama nilivyosema kwa kila mtu tangu siku ile.

Wameimba saa mbili. Wamemwita kwa jina. Danieli, Danieli. Alipokufa nilimzika mchana mmoja, bila matanga, bila wimbo. Nilikataa mwenyewe. Nilisema mtu aliyejimaliza kwa chupa sitamwimbia. Leo ameimbiwa na wanawake Wakongo wa Uvira wasiomjua, kwa sababu nyanya mzima ameona haya.

Nyambura alisimama mlango wa jikoni muda wote. Kiswahili anakielewa, anajifanya tu.

Jumapili, 17 Mei

Kanisani wamenishika mkono mmoja mmoja. Pole, pole. Nimepokea. Kila pole ni kofi.

Nyumbani Nyambura amekuja jikoni. Ameongea Kiswahili, cha kuokota okota. "Nyanya, mimi niko na uncle alipiga gitaa, na hakuna mtu aliniambia?" Nikamwambia hakuna la kuambiwa. Akauliza nini kilimuua. Nikamwambia malaria.

Akaenda kumwuliza mama yake. Esta alikuwa na miaka kumi na minne wakati ule, ndiye aliyemkuta amekufa. Esta amemwambia yote.

Mtoto amerudi hana adabu hata kidogo. Eti nimewadanganya watu wa kanisa. Eti nimemficha mjomba wake kwenye sanduku kama kitu cha wizi. Nimemwambia akamenye viazi. Tumemenya viazi pamoja, hatusemezani, tumemenya vingi kuliko vinavyohitajika.

Mwisho nimemwuliza wazi. Unataka kufa? Maana ukutani hujaweka mtu hata mmoja aliyezeeka. Akaacha kisu. Akasema hapana, Nyanya, nataka kupiga kama wao, basi.

Danieli naye alitaka kupiga tu. Hakuna aliyeniambia anataka chupa. Chupa ilikuja na hoteli, kila wimbo mtu anamnunulia.

Huyu mtoto simwogopi. Namwogopea. Anabeba jina langu, na sina nguvu ya kuzika tena.

Jumatano, 20 Mei

Picha haimo kwenye Biblia.

Iko ukutani. Ya kumi na mbili, kati ya yule aliyezama na mwanamke wa madawa. Nimeibandua. Nimerudi kutoka kuanua nguo, iko pale pale. Nimeibandua tena. Jioni imerudi, na gundi zaidi. Esta amesimama upande wa binti yake, amesema ni kaka yake pia. Nyumba nzima imenuna. Wali wa jana umeliwa na watu watatu waliogeuziana mabega.

Chini yake kuna kadi. Imeandikwa Danieli, kisha mistari mitatu mitupu. Nyambura anasema mistari hiyo ni yangu, na malaria haitaandikwa kwenye ukuta wake. Hawezi kuandika uongo. Mimi nifundishwe ukweli na mtu asiyejua kukunja shuka.

Ijumaa, 22 Mei

Nimerudisha sufuria la Mama Furaha. Siwezi kulirudisha tupu, nimelitia chapati. Treni mpaka Blacktown, nikabadilisha, sufuria mapajani kama mtoto mnene. Mzungu mmoja kijana alinipisha kiti. Wapo wenye malezi.

Mama Furaha alikuwa hajaenda zamu. Nikala kwanza alichonipa. Kisha nikamwambia jambo la Jumamosi halikuwa sawa.

Akacheka mpaka kitenge kikalegea. Akasema, "Mama, mimi niko ghalani pale Wetherill Park miaka minane, nafunga maboksi na Waaustralia. Kiingereza ya mtoto nilisikia yote. Mzungu wa sweta."

Nikamwuliza kama alisikia, mbona aliimba saa mbili.

Akasema, "Sufuria ilikuwa imeshapikwa. Na ile picha, ulivyoishika, nikaona maiti iko. Haikukuwa ya mzungu, lakini iko."

Kisha nikamwambia haikuwa malaria. Nikasema pombe. Neno lilitoka kama mfupa wa samaki. Sijawahi kulisema mbele ya mtu asiye wa damu yangu.

Hakusema pole. Alifunua sufuria, akahesabu chapati, akasema nimeunguza mbili. Sijaunguza hata moja. Tumebishana mpaka saa ya zamu yake.

Jumapili, 24 Mei

Baridi imeanza. Nimekaa nyumbani, goti linauma.

Nyambura alikuwa kitandani anajifunza gitaa, vidole vimechubuka. Anakosea pale pale kila mara. Danieli naye alikuwa na mahali pake pa kukosea. Nimeingia na kalamu ya wino, nimemwambia anisogezee kiti.

Mstari wa kwanza, kuzaliwa. Tarehe siikumbuki sawasawa. Nimeandika: Jumapili, wakati wa kupalilia mahindi. Wa pili naujua. Desemba, tarehe tisa. Wa tatu ni wa kilichomuua. Mtoto aliacha kupiga lakini hakugeuka. Ana akili akitaka.

Herufi zangu ni kubwa, za darasa la tatu, na kadi zake ni ndogo. Kadi ilikwisha neno likiwa nusu. Po iko kwenye kadi, mbe nimeiandika ukutani.

Nikashuka. Nikamwambia aendelee, na akifika pale anapokosea apunguze mwendo.

Wakala anakuja kukagua nyumba mwezi ujao. Esta ameshaanza kuuliza kile kipande cha neno kitafutwa na nini. Hakifutwi. Wakala akiniuliza hicho ni nini ukutani, nitamwambia ni mwanangu.