Punje Kando ya Nyongo

Baba mpendwa,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Usinijibu sijambo kwa mazoea tu, mama mdogo ameshaniambia kidonda cha kisigino hakijafunga. Sindano ya sukari usiiruke hata asubuhi moja, na viatu vaa hata ukitoka uani. Mimi mwili mzima. Moyo ndio si mzima, na ndiyo maana naandika. Kwa simu ningesikia sauti yako nikaanza porojo, tukaagana sijasema kitu.

Najua hapo sokoni unatamba kwamba mwanao ni fundi wa maabara. Sijawahi kukueleza kazi yenyewe. Profesa wetu anachunguza seli zinazotengeneza homoni ile ile unayojidunga. Binadamu anazo kwenye kongosho, na wanyama wenye uti wa mgongo wanazo, ila kila aina imezipanga kivyake. Basi tunatoa kongosho la samaki, la chura, la mjusi, la kuku na la panya, tunaligandisha ndani ya nta, tunalikata jembamba kuliko ganda la kitunguu, tunaliweka juu ya kioo. Kisha tunapaka rangi inayozishika seli hizo peke yake, zikawa za kahawia. Kutoa na kusafisha ni kazi yangu. Rangi ilikuwa kazi ya Kidoti.

Ndiyo, Kidoti wetu, binti wa marehemu rafiki yako, uliyenikabidhi ukasema, "Huyu ni mdogo wako. Akiharibikiwa nitakuuliza wewe."

Mambo yaliharibika kwa samaki. Chura safi, kuku safi, panya ndiyo usiseme. Samaki, kioo kitupu. Tukarudia mara tatu, kitupu vilevile. Profesa akaja juu, akataka kujua ni nani anayeharibu. Mimi, mwenye miaka kumi na mmoja ya kazi pale, nikamwambia mkono wa Kidoti bado haujatulia kwenye rangi. Tena nilisema kwa upole, kama ninayemtetea. Siku ile ile akaambiwa mafunzo yake yamekwisha, wiki ikiisha aondoke.

Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Dada, rangi si ni ile ile iliyoshika kwa kuku?" Nikamwambia asibishane na wakubwa.

Sasa Baba, kisu changu nilikipata mezani kwako. Ulinifundisha kusafisha samaki sijafika hata kimo cha meza: chochote kinachoning'inia karibu na nyongo, ondoa, tupa. Wewe ulikuwa unauza kitoweo, hukukosea. Mimi ndiye niliyeuingiza mkono ule maabara. Siku ya kwanza Kidoti alinionyesha punje nyeupe kando ya nyongo, ndogo kama mbegu ya nyanya, akauliza ni nini. Nikamjibu hayo mafuta, tupa, mimi nimekulia kwenye samaki, utanifundisha nini. Akacheka, akatupa.

Aibu yenyewe sijaifikia bado. Swali lake la rangi lilininyima raha. Siku tatu kabla hajaondoka nilifungua dumu la mabaki yaliyolowekwa dawa, nikatafuta punje moja, nikaipitisha hatua zote, rangi nikaipaka mwenyewe kutoka chupa yake. Hatua hizo zilikula siku mbili, na nilipochungulia kwenye hadubini niliona kahawia tupu. Kwa samaki huyu seli zile hazikutawanyika ndani ya kongosho, zimejikusanya pembeni, kwenye punje niliyokuwa naitupa. Kidoti alikuwa hajafunga hata begi lake. Nilikuwa na siku nzima ya kusema.

Sikusema, Baba. Asubuhi yake nilimsindikiza kituoni, begi lake mkononi mwangu, kile kioo mfukoni mwa koti. Akanishukuru kwa yote niliyomfundisha. Wiki ile ulinipigia ukamwita mvivu aliyetuaibisha, nami nikakuitikia. Kwa hiyo usije ukanitetea kwamba sikujua. Nilijua, nikaogopa kuitwa mjinga na watu wanaoniita fundi.

Jana nimempelekea Profesa kile kioo. Alitazama weee, kisha akauliza ninacho tangu lini. Nikasema wiki saba. Hakupandisha sauti, na heri angepandisha. Nimeondolewa kwenye kisu, sasa naosha vyombo vya maabara, na ni halali yangu. Nafasi ya Kidoti ipo, lakini mpaka mwisho wa mwezi huu tu, baada ya hapo anapewa mwingine. Simu zangu hapokei. Ningekuwa yeye nami nisingepokea.

Barua hii nampa dereva wa basi, itakufikia kesho. Tafadhali nenda kwao siku hiyo hiyo, uisome mbele yake na mama yake, usiruke mstari kwa kunisitiri. Neno la uvivu muombe radhi, ila mwambie mimi nililiitikia nikijua si kweli. Kioo nimekifungasha humu ndani ya pamba. Profesa amekiandika jina la Kidoti, maana swali lilikuwa lake. Akikielekeza dirishani ataliona doa la kahawia hata bila hadubini.

Nisalimie mama mdogo na wote hapo nyumbani. Sokoni wakiuliza habari za fundi, waambie anaosha vyombo. Na wewe uliniahidi kuniuliza. Niulize, Baba, nakungoja.

Ni mimi mwanao,
dada yake Kidoti, akinikubali tena